Nilimpa Mshenga Kadi Nyekundu

Wiki iliyopita mliniacha jikoni kwangu, filimbi mdomoni, mke wangu akinitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe kapanda ngazi.

Kwa aliyeingia leo, nifupishe. Mimi ni Webster Kapembwa wa Luanshya, fundi wa friji siku za kazi, na mwamuzi wa mpira wa ligi ya wilaya kila mwisho wa juma. Uwanjani sijawahi kusita. Nyumbani sijawahi kuamua. Paa la nyumba yangu nusu ni bati na nusu ni vigae, kwa sababu fundi wa bati alizungumza nami asubuhi na fundi wa vigae akazungumza nami mchana. Nilikuwa shemasi katika makanisa mawili yanayosali wakati uleule, kwa sababu wachungaji wote wawili waliniomba kwa adabu.

Mvua ilipopenya pale bati linapokutana na kigae na kulowesha godoro letu, mke wangu, Mama Nkandu, aliniuliza uwanjani nina kitu gani ambacho nyumbani sina. Aliuliza kwa uchungu. Hakuwa anatafuta jibu.

Mimi nikampa jibu. Nilimwambia nina filimbi.

Nikaapa palepale kwamba kuanzia siku ile mambo ya nyumbani nitayaamua kama ya uwanjani: haraka, kwa sauti, na bila kurudi nyuma.

Haya, sikilizeni yaliyonipata.

Mwanzoni ilikuwa raha, siwezi kuwaficha. Mtu akiuliza leo tunakula nshima, yaani ugali wetu, au wali, napuliza, nanyoosha mkono: nshima. Akiuliza na mboga gani, napuliza tena. Makanisa yale mawili niliyaamua kwa mpulizo mmoja. Nilijitoa katika yote mawili, na Jumapili iliyofuata nililala mpaka jua likanimulika usoni kupitia lile pengo la paa.

Majirani wakasikia. Wakaanza kuja.

Wa kwanza walikuwa wawili waliogombana juu ya mpapai ulioota kwa mmoja na kuzalia kwa mwingine. Zamani ningekaa nao mpaka jioni, nikimwelewa huyu, nikimwelewa na yule. Maana hilo ndilo tatizo langu, ndugu zangu. Si kwamba sina mawazo. Kila mtu akisema, namwelewa.

Safari hii sikutaka kuelewa. Nilipuliza filimbi na kuwapa mapapai yote mtu aliyekuwa anapita barabarani.

Majirani walishangaa, lakini ugomvi ukaisha. Yule mpita njia akawa anakuja kila asubuhi na ndoo.

Sifa zangu zikafika mpaka mtaa wa pili. Watu wakaniita Bwana Hukumu. Nilianza kuvaa kaptura nyeusi hata siku za kazi. Mteja akiniuliza friji yake inatengenezeka au haitengenezeki, namjibu kabla sijaifungua.

Mama Nkandu alinyamaza tu. Mke akinyamaza, mwamuzi mwenye akili huangalia saa yake. Mimi sikuangalia.

Sasa nije kwenye posa.

Binti yetu Nkandu ni mwalimu wa chekechea, mtoto mpole, lakini akitaka jambo huliendea moja kwa moja. Alikuwa amempata kijana anaitwa Lackson Jere, Mngoni wa Chipata aliyekuja huku kufanya kazi ya maabara. Kijana mzuri. Ukimpa kiti anashukuru, ukimnyang'anya kiti anashukuru. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na sikujiuliza kwa nini.

Wakatuma habari kwamba wanakuja.

Kwetu Wabemba baba wa binti hana neno siku ya posa. Mtoto ni wa mjomba. Anayezungumza ni kaka wa mama yake, na kwetu huyo ni shemeji yangu Kasonde, mtu mkavu ambaye hata akicheka unadhani anakohoa. Baba hukaa chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo, na kusikia bei ya damu yake kama anayesikiliza redio ya jirani.

Asubuhi ile mke wangu aliniomba nivue filimbi. Nikamwambia mwamuzi havui filimbi mchezo haujaisha. Akasema mchezo haujaanza. Nikamwambia ndiyo maana.

Wageni walifika jua likiwa juu. Alikuwepo Lackson, alikuwepo shangazi yake, na mbele yao mshenga, Zakeyo Tembo. Huyu alikuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu, mnene, na sauti yake ilisikika kabla yeye hajafika langoni. Alikaa chini kwenye mkeka kama desturi inavyotaka, akaweka mbele yake sahani mbili nyeupe zilizofunikana, ndani yake hela ya posa, akaanza kutukana.

Hapo nieleze kidogo. Wabemba na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona bora watukanane. Wao hutuita wala nyani. Sisi huwaita wala panya. Mtani anaweza kuja msibani kwako, akaingia kaburini kabla ya marehemu, akakataa kutoka mpaka umpe kuku. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mshamba.

Tembo alisema wamepotelewa na jike la njiwa, na nyayo zake zimewaleta kwenye kijiji cha nyani. Kasonde akamjibu kwamba njiwa wamemwona, ila hawawezi kumkabidhi kwa watu ambao mboga yao inakimbia chini ya kabati. Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

Kisha Tembo akainua macho kwenye paa.

"Sasa nimeamini ni nyani," akasema. "Hata paa lao ni la kurukaruka. Huku bati, huku kigae. Swali letu ni moja tu, wakwe. Binti ni wa upande gani? Tusije tukafika naye Chipata, asubuhi anataka ndoa, jioni haitaki, kama baba yake."

Sebule nzima ikaanguka kwa kicheko. Kasonde akakohoa kwa muda mrefu.

Mimi nilivumilia. Wallahi nilivumilia, mpaka katikati ya vicheko nikasikia cha mke wangu. Kicheko cha Mama Nkandu nakijua. Mwishoni kina mlio mdogo, kama friji inayoanza kugandisha.

Nilitoka chumbani nikipuliza.

Kicheko kilikatika. Nilimwendea Tembo kwa hatua zile tunazofundishwa, mgongo umenyooka, nikasimama juu ya mkeka, nikatoa kadi ya njano. Nilimwambia ni kwa lugha isiyofaa uwanjani.

Tembo alinitazama, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha. Akapiga paja. Akamwambia shangazi wa Lackson kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona utani wa namna hii, kwamba sasa wamepata wakwe hasa. Akachomoa leso yake mfukoni, akainyanyua juu na kuipeperusha kama mshika kibendera. Aliniuliza kama mla nyani aliyekuwa chumbani hakuwa ameotea.

Sheria iko wazi. Kudhihaki uamuzi ni njano ya pili. Nikaitoa, nikaifuatisha na nyekundu.

"Nje," nikasema.

Akatoka. Alitoka akicheka, akiwapungia watu mkono kama mchezaji anayewaaga mashabiki, na akaenda kusimama kivulini karibu na lango kungoja aitwe.

Hakuitwa.

Kasonde alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, imetosha. Mwite mtani wako."

Nilimwambia mwamuzi akishatoa kadi nyekundu hairudishi mfukoni.

Nje kicheko cha Tembo kilikuwa kinapungua, kama treni inayokaribia kituo. Baada ya kitambo akaja dirishani, akachungulia, akauliza kwa upole kama utani umekwisha.

Nikamwambia haukuwa utani.

Sijui niwaeleze vipi uso wa yule mzee. Mtani hana silaha dhidi ya mtu aliyekasirika kweli. Alifunga kifungo cha koti lake, akageuka, akaenda zake.

Na bila mshenga, wageni ni mabubu. Hawana ruhusa ya kufungua kinywa. Shangazi wa Lackson alinyoosha kidole kwenye zile sahani, akanyoosha kidole mlangoni, akazichukua, akatoka. Lackson alibaki katikati ya sebule, akimtazama shangazi, akimtazama mke wangu, akimtazama Kasonde. Mwishowe Kasonde akamwonyesha mlango kwa kidevu, naye akashukuru, akatoka.

Nkandu muda wote ule alikuwa nyumba ya jirani, amefunikwa kitenge kama desturi inavyotaka, pamoja na kungwi wake, Bibi Lombe. Alipoletwa alikuta sebule tupu, mkeka, na baba yake akiandaa maneno.

"Baba, futa kadi."

"Mwanangu, haifutwi."

"Umeitoa wewe."

"Ndiyo maana siwezi kuifuta."

Hakulia. Alikaa kwenye ule mkeka, mahali palepale alipokaa Tembo, akanitazama kama anavyotazama watoto wake wa chekechea wanapokula chaki.

Nilimweleza. Nilimwambia maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kugeuzwa. Nikiigeuza hii moja, kesho nitakuwa tena yule baba wa mapaa mawili. Nilimwambia nafanya hivi kwa ajili ya familia. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa karibu kujielewa.

Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyenijibu.

"Unajua kwa nini kule uwanjani unaamua haraka?" akasema. "Kule hakuna unayempenda."

Kisha akaenda kupika. Siku ile hakuniuliza nshima au wali.

Nimechezesha mechi na mvua ya mawe ikinyesha. Nimewahi kukimbizwa na mashabiki mpaka kituo cha polisi, nikaingia ndani nikiwa na kiatu kimoja. Hakuna kilichowahi kunipiga kama neno lile. Usiku sikulala vizuri. Lakini kadi sikuifuta. Nilikuwa nimeapa.

Nkandu, kumbe, ni mtoto wa mwamuzi. Sheria za mpira amezijua kabla ya kujua kusoma. Asubuhi alinijia nikiwa na kikombe cha chai, akaniambia kwamba kama lile lilikuwa pambano, basi anakata rufaa.

Nilitikisa kichwa kwa fahari. Sikuona kinachonijia.

Kamati ya rufaa ikakaa sebuleni kwangu. Mwenyekiti alikuwa Bibi Lombe. Huyu bibi amewafunda wasichana wa mtaa wetu na mama zao, na masikio yake yamezeeka kwa namna ya ajabu: anachokitaka anakisikia, asichokitaka hakifiki. Nimewahi kuwaona wanaume wazima wakibishana naye, na kila hoja yao inapotea hewani kama moshi, mpaka wanakubali ili wapate kusikika.

Alikaa kwenye kiti changu. Mimi nikawekwa kwenye mkeka.

Kasonde alitoa ushahidi. Alieleza matusi yote, moja baada ya jingine, bila kucheka, na wakati huu watu wakacheka zaidi kuliko siku ile. Bibi Lombe akanigeukia.

"Nani alitukanwa?"

"Mimi, Bibi."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Siku ya posa, baba wa binti yuko wapi?"

Nilijua jibu. Kila Mbemba analijua. Nilitafuta njia ya kulizunguka, sikuiona.

"Hayupo, Bibi," nikasema. "Kwa desturi hayupo."

"Basi aliyetukanwa hakuwepo," akasema Bibi Lombe. "Na aliyetoa kadi hakuwepo. Huyu mzee Tembo alitolewa nje na nani?"

Nilisema kwamba hata hivyo, kwa mujibu wa kanuni, kadi iliyokwisha kutolewa haiwezi... Bibi Lombe akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniuliza kama nimesema nakubali. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akanishukuru kwa kukubali. Akanyoosha mkono, nami, sijui ilikuwaje, nikavua filimbi na kuiweka mkononi mwake. Akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, pale kina mama wanapofungia hela, na pambano likaamriwa kurudiwa kwenye uwanja usio wa mtu. Uwanja huo ukawa ukumbi wa kanisa moja kati ya yale mawili niliyoyahama. Msimamizi akawa yeye.

Nilitoka pale shingo ikiwa nyepesi kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Ikabaki kumrudisha Tembo.

Kasonde alikwenda kwake, akarudi na jibu. Mzee hana kinyongo, alisema. Atakuja. Ila ana sharti moja la mtani. Amesikia kwamba mkwe wake ni mwamuzi asiyerudi nyuma. Basi anataka baba wa binti aje amchukue nyumbani kwake, mbele ya watu, akiwa amevaa sare kamili ya uamuzi, amshike mikono, na amwongoze mpaka ukumbini akitembea kinyumenyume.

Nilimwuliza Kasonde yeye anaonaje. Akasema anaona nivae soksi nzuri.

Nikamwuliza mke wangu. Akasema nimwulize mwamuzi.

Nilikwenda. Jumamosi mchana, watu wote wako nje, mimi nimevaa nyeusi tupu na soksi zimevutwa mpaka magotini. Tembo alinisubiri kwenye kizingiti amevaa koti na tai. Nilimshika mikono yote miwili, tukaanza safari.

Mtaa mzima ulitoka. Watoto walitufuata. Yule wa mapapai alikuwepo, na ndoo yake. Mtu mmoja akapaza sauti kuniambia kuna shimo nyuma yangu. Mwingine akasema halipo. Nilitaka kugeuka kuangalia. Tembo akanibana mikono.

"Usigeuke, mkwe," akaniambia. "Mimi naona mbele yako. Nenda tu."

Nikaenda. Njiani alinizungumzisha kwa upole, kama mtu anayemtuliza farasi. Alinisimulia kwamba maisha yake yote ya kazi aliendesha treni, na watu walimheshimu kwa kujua anakokwenda, wakati ukweli ni kwamba hajawahi kukata kona hata moja kwa hiari yake. Reli ndiyo iliyojua. Alipostaafu, siku ya kwanza alisimama nje ya nyumba yake, hajui aende kushoto au kulia, akarudi ndani akalala. Mke wake ndiye aliyemtoa.

Nilimwambia pole. Akasema hata yeye anamwonea huruma mtu mwenye njia nyingi.

Nilianguka mara moja tu, karibu na kisima. Tuliingia ukumbini watu wakipiga vigelegele, na mke wangu, niliyemwona kwa pembe ya jicho, alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikajua tumepona.

Safari hii posa ilikwenda kama maji. Tembo alitukana, Kasonde alijibu, mimi nilikaa kwenye chumba cha kuwekea majoho, mlango wazi kidogo, mikono nimeikalia. Nyani wakatajwa. Panya wakatajwa. Walikubaliana yote. Ikabaki kumwita binti aseme kama anawajua hawa watu, na kama sahani ifunuliwe, maana kuifunua ndiko kukubali. Ni swali la desturi. Kila binti hujibu ndiyo, anatazama chini, kina mama wanashangilia, watu wanakula.

Nkandu aliletwa. Bibi Lombe akamfunua kitenge usoni, akamwuliza.

Nkandu hakutazama chini.

"Bibi, kabla sijajibu naomba nimwulize Lackson kitu."

Hilo halipo kwenye desturi. Lakini Bibi Lombe, ambaye hasikii asichokitaka, alilisikia vizuri kabisa. Akampa ruhusa kwa mkono.

"Lackson," Nkandu akasema, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Lackson alitabasamu. Akamtazama shangazi yake. Shangazi akaangalia sahani. Lackson akamtazama Tembo. Tembo akaanza kunyoosha tai yake. Kijana akamtazama Kasonde, akamtazama mke wangu, akatazama hata ule mlango wangu uliokuwa wazi kidogo, na macho yetu yakakutana.

"Mimi..." akasema. "Kwa kweli nawaelewa wote. Wazee wakiona inafaa, na mimi nitaona inafaa."

Alisema kwa adabu sana. Nilimjua yule kijana. Nililijua paa lake, makanisa yake, godoro lake lililolowa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na sasa nikajua kwa nini.

Nkandu aliinama, akamrudishia shangazi sahani, polepole, bila kuifunua, kama mtu anayeomba amshikie kidogo. Kisha akavuka ukumbi, akaja mpaka kwenye mlango wangu, akausukuma.

"Baba," akasema, "njoo nje."

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba mimi sipo. Kwa desturi sipo.

"Najua. Njoo hivyohivyo."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukasimama ukutani, jua likituchoma. Alikuwa ameshika ncha za kitenge chake kwa mikono miwili. Nilidhani ataniuliza amwache au asimwache, na nilikuwa nimekwisha kuona kwamba majibu yote mawili yana maana.

Hakuuliza hilo.

"Safari hii sitaki haraka," akasema. "Na sitaki uniambie umenielewa. Fikiri kwanza, halafu unijibu kweli." Akazifunga zile ncha fundo. "Mama. Ulimchagua wewe? Au kuna mtu alikuambia?"

Ndugu zangu, miaka yote hii sijawahi kujiuliza. Nilianza kurudi nyuma kichwani, kumtafuta yule kijana niliyekuwa, siku ile, njiani, anakwenda kwao Mama Nkandu. Nilimwona amevaa shati jeupe. Niliona kuna watu kando yake, wanamwambia kitu, lakini sikusikia wanasema aende au arudi.

Na nikiwa bado namtafuta, nikagundua kwamba dirisha la ukumbi juu ya vichwa vyetu lilikuwa wazi, na kwamba ndani hakuna tena mtu aliyekuwa anazungumza.

"Mwache afikiri," ikasema sauti ya mke wangu kutoka dirishani. "Hata mimi nataka kujua."